Bustani Isiyofagiliwa

Mwezi huu wa Januari, hapa kusini mwa Uingereza, bustani iliyo nyuma ya nyumba yangu inaonekana kama imetelekezwa. Mabua ya alizeti yamesimama makavu na vichwa vyake vimeinama, majani yaliyopukutika tangu Novemba yamelundikana chini ya uzio, na pembeni kuna rundo la matawi ambalo sijaligusa tangu niyakate. Nimekulia Tanga, ambako uwanja hufagiliwa kwa ufagio wa chelewa kabla jua halijapanda, na anayeacha majani mlangoni pake husemwa na majirani. Kwa hiyo kuitazama hali hii kila asubuhi bila kushika reki ni kazi ngumu kuliko kulima. Hata hivyo ninaamini kwamba sehemu kubwa ya utunzaji wa bustani katika miezi hii ni kujizuia.

Kule nyumbani kufagia kuna sababu zake, kwa maana nyoka hajifichi mahali peupe. Hapa wanaojificha kwenye majani ndio ninaowahitaji. Wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, ambao wakati wa joto hula vidukari kwenye maharage yangu, hupitisha baridi wakiwa wamesongamana chini ya magome na ndani ya mabua yenye uwazi. Malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya amejichimbia udongoni peke yake, kwani wenzake wote wa mwaka jana wamekufa, na kundi lijalo litatoka kwake yeye tu. Kalunguyeye naye hulala usingizi mzito hadi karibu mwezi wa Machi, na mapigo ya moyo wake hushuka kutoka takriban 190 kwa dakika hadi kama 20. Mtu akilivuruga rundo lake, mnyama huyo huamka na kutumia akiba ya mafuta aliyojiwekea mwilini wakati wa vuli, huku wadudu wa kuirudisha akiba hiyo wakiwa wameadimika. Ukimkuta akitembea mchana katika baridi hii, fahamu kwamba yumo katika shida. Apewe maji na chakula cha paka chenye nyama, wala si maziwa, ambayo tumbo lake haliyawezi.

Kwa upande wa ndege, kujizuia hakutoshi. Siku fupi kabisa za Desemba hapa zina mwanga wa muda wa takriban saa nane tu, na ndege mwenye uzito wa gramu 11 hivi anapaswa kula ndani ya muda huo kiasi cha kumvusha usiku wa saa kumi na sita. Ninawawekea mbegu za alizeti zilizomenywa na mafuta magumu ya ng'ombe, lakini ninachokitilia mkazo zaidi ni usafi wa vyombo. Chiriku wa kijani wa Uingereza wamepungua sana tangu mwaka 2005 kwa sababu ya ugonjwa wa koo unaosababishwa na kimelea kinachoenea kwa mate yaliyobaki kwenye chakula na maji, hata mwaka 2021 wakaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Asiyeweza kuosha chombo chake kila wiki ni afadhali asikitundike kabisa. Maji nayo hubadilishwa kila siku, na barafu ya kidimbwi chenye viumbe haipondwi kwa nyundo wala kumwagiwa maji ya moto, bali huwekewa juu yake sufuria ya maji ya moto hadi tundu lifunguke na hewa chafu ipate pa kutokea.

Mwisho wa mwezi huu shirika la kuhifadhi ndege la RSPB litaendesha hesabu yake ya ndege wa bustanini, iliyoanza mwaka 1979, ambapo mtu huketi saa moja na kuandika anaowaona. Kwa miaka mingi anayeongoza ni shomoro, yule yule tunayemfukuza kwenye mchele uliopepetwa, ingawa hapa naye yumo katika orodha nyekundu.

Kuhusu mimea sina mengi. Maua ya dalia nimeyang'oa baada ya sakitu ya kwanza kuyafanya majani yake kuwa meusi, kwa kuwa udongo wangu ni mfinyanzi na mizizi yake huoza ikikaa kwenye maji. Vyungu nimeviinua juu ya vipande vya matofali ili maji yatoke na visipasuke yanapoganda. Mboga zilizobaki zina matandazo ya kutosha.

Mabua nitayakata mwezi wa Aprili, baridi ikishalegea, na hata hapo nitayalaza pembeni kwa muda kabla ya kuyapeleka kwenye mboji. Kabla ya hapo ninataka kumwomba jirani ruhusa ya kutoboa uzio wetu chini, sentimita 13 kwa 13, upana unaomtosha kalunguyeye kupita. Mzee huyo hupenda bustani yake iwe safi kama sahani, kwa hiyo nitaanza kwa kumweleza jinsi mnyama huyo anavyokula mbawakawa na viwavi.