Mashine ya boti haiwaki: acha kamba kwanza

Mashine ya kamba, tuseme Yamaha 15 ya stroki mbili, isipowaka ukivuta mara tano, hata ukivuta mara ishirini haitawaka. Utaishia na plagi zilizolowa na bega linalouma.

Anza na klipu ya usalama, ile ya kamba inayofungwa mwilini mwa nahodha: imekaa sawasawa kwenye kifungo cha kuzimia? Gia iko nyutro? Fedheha nyingi huishia hapo.

Kisha mafuta. Legeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi, minya pampu ya mpira iliyo kwenye mpira wa mafuta, mshale ukielekea kwenye mashine na upande huo ukiwa juu. Lazima iwe ngumu. Ikibaki laini, inavuta hewa: tazama oringi (pete za mpira) za viungio vya mpira wa mafuta, au vali za ndani ya pampu zimechoka. Ikibonyea isirudi, tangi halipumui au kichujio cha ndani kimeziba.

Ikiwa ngumu, bado usiamini. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Kinga chupa inayoonyesha, ulegeze skrubu hiyo. Mafuta yasipotoka, filta imeziba au sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli) imenata. Yakitoka, acha chupa itulie dakika mbili. Maji hukaa chini kama shanga, na tone moja kwenye jeti, tundu dogo la kupitishia mafuta, linatosha kuigomesha mashine. Ukikuta maji, mwaga mafuta ya tangi pia, si ya bakuli tu.

Petroli ya madumu ipime kiganjani kabla hujatia oili: safi hukauka upesi na kuacha ubaridi, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha utelezi. Kwa uwiano wa 50:1, lita 20 huchukua mililita 400 za oili. Kuzidisha "kwa usalama" kunachafua plagi.

Sasa plagi, spana ya 21. Yamaha 15 hutumia NGK B7HS-10, mwanya milimita 0.9 hadi 1.0. Ikitoka kavu baada ya kuvuta sana, rudi kwenye mafuta. Ikitoka inachuruzika petroli, mashine imekunywa, yaani imezidiwa na petroli: rudisha choki, kausha plagi, zirudishe, fungua resi yote ndipo uvute. Ukiona matone ya maji ya chumvi, huenda gasketi ya hedi imekwisha. Usivute tena, ipeleke kwa fundi.

Kupima cheche, chomeka plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, chupa ya petroli ikae mbali, mwenzio avute. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Mashine hii ina plagi mbili: cheche zikikosekana kwenye zote mbili, chomoa kiungio cha waya za kifungo cha kuzimia ujaribu tena. Zikirudi, kifungo kimeliwa na chumvi. Utafika pwani hivyo hivyo, ila sasa wala kifungo wala klipu havizimi mashine. Itazimwa kwa kuvuta choki, na ukianguka majini itaendelea kwenda. Ikikosekana moja tu, badilishana plagi kwanza, halafu kofia.

Cheche ipo, mafuta yapo, lakini kamba inaupokonya mkono? Huenda ufunguo mdogo wa flaiwili, kipande cha chuma kinacholishika gurudumu hilo zito la juu ya injini lisizunguke kwenye shafti yake, umekatika, cheche inapiga wakati usio wake. Flaiwili hutolewa kwa pula, kifaa cha kulivutia nje, si kwa nyundo.