Nilivyovuka boda ya Detroit nikiwa na mionzi mwilini

Kama umepewa ayodini ya mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo na unaishi huku Marekani, omba barua kabla hujatoka hospitali. Usisubiri mpaka uwe na safari, iombe siku hiyohiyo unayomeza kidonge.

Mimi tezi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai sishiki vizuri, dawa za kawaida zikashindwa ndo nikapewa ayodini 131. Kidonge chenyewe kidogo tu unameza na maji basi unaenda nyumbani, unalala peke yako, unakaa mbali na watoto kwa muda waliokuambia. Hapo kwa binti yangu Salma ndo palikuwa pagumu, mtoto anagonga mlango anataka kubebwa na mimi nipo ndani nalia.

Sasa nilijua tuna harusi ya binamu yangu Toronto, Kanada, ndani ya mwezi huo. Ayodini hii nguvu yake inapungua nusu kila siku 8, kwa hiyo baada ya mwezi haina madhara kwa waliokaa na wewe ila haijaisha, na mashine za boda ni kali sana, zinaweza kuigundua mwilini mwako mpaka kama miezi mitatu baada ya kumeza. Nikamwambia nesi naomba barua yenye jina langu, jina la dawa, kipimo, tarehe niliyomeza, na namba ya simu ya hospitali ambayo mtu atapokea hata usiku. Namba hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana ofisa akitaka kuhakikisha Jumapili usiku atampigia nani?

Kwenda hakukuwa na shida. Kurudi, pale Ambassador Bridge, daraja la kutoka Kanada kuingia Marekani, upande wa Detroit, unapita katikati ya nguzo mbili ndefu za kupima mionzi kabla ya kufika kwenye kibanda. Sikusikia king'ora wala nini, ila ofisa uso ulibadilika akauliza kuna mtu humu ndani katibiwa karibuni kwa dawa za mionzi? Nikasema ni mimi, Baba Salma akampa barua pamoja na pasipoti. Hata hivyo tukapelekwa pembeni, barua haikufanyi uruke utaratibu, inaufupisha tu.

Shangazi huko nyuma kashika tasbihi, "Mwanangu, wamekukamata kwa lipi?" Nikamwambia shangazi tulia, ni ile dawa ya shingo, na hizo nguzo hazitupigi mionzi, zenyewe zinapokea tu inayotoka kwangu.

Tukashuka, wakapima gari, wakatupima mmoja mmoja. Akaja ofisa wa kike na kidude cha mkononi akakisogeza karibu na shingo yangu akaniambia nisimame kimya, akasubiri. Kile kidude hakisemi tu kuna mionzi, kinatambua ni ya kitu gani, maana kila aina ina nguvu yake, ayodini 131 inajulikana kwa kilo-elektrovolti 364 (kizio cha nguvu ya mionzi). Kikaonyesha I-131, akalinganisha na barua, akanirudishia na kunipa pole ya ugonjwa. Walikuwa na adabu kwa kweli, na Salma wangu hakuogopa hata kidogo.

Wengi wananiuliza kuhusu zile mashine za kukaguliwa erpoti kabla ya kupanda ndege. Zile zinatafuta chuma na vitu ulivyoficha, mionzi hazioni kabisa. Wanaokushika ni wa boda na forodha, wengine wanavaa kipimo kidogo mkandani.

Na siyo ayodini peke yake. Aliyepimwa moyo kwa thaliamu, nayo ni dawa ya mionzi, anaweza kugundulika mpaka mwezi hivi, aliyepigwa picha ya mifupa kwa teknishiamu ni siku mbili tatu tu, na ile skani ya PET, nayo hutumia dawa ya mionzi, kesho yake imeshaisha. Barua yangu mimi nilikaa nayo kwenye pochi mpaka miezi mitatu ikapita.