Kusaka rivolva ya baruti nyeusi Friendship, Indiana

Dola 1,400. Hiyo ndiyo bei niliyotajiwa kwa rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, iliyolazwa juu ya kitambaa chekundu katika gulio la Friendship, kijiji kidogo cha kusini-mashariki mwa Indiana. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, aliniapia kwamba ni Remington halisi, ya kiwanda cha Marekani, ya enzi za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na kwamba imekaa katika ukoo wao tangu askari wa kwanza alipoileta nyumbani. Juu ya mtutu ilisomeka tarehe ya hataza, 14 Septemba 1858. Chuma kilikuwa na rangi ya kahawia ya kizee.

Nimekulia Urambo, Tabora, katika nyumba ambayo gobore la babu lilining'inia juu ya kitanda chake. Baruti, goroli, fataki (vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti) na mti wa kushindilia nilivijua kabla ya kujua kusoma. Tangu nihamie Columbus, Ohio, nimetamani kitu cha jamii hiyo cha kwenda nacho kwenye uwanja wa shabaha, na rivolva ya kushindilia ndiyo inayolingana na mfuko wangu, mradi iwe mtumba. Kwa mtu wa hamu hiyo hakuna pa kwenda zaidi ya Friendship. Chama cha Marekani cha bunduki za kushindilia, kilichoanzishwa mwaka 1933, kina viwanja vyake huko, na kila Juni na Septemba kijiji hufurika watu.

Njia yenyewe, Cincinnati, Aurora, Dillsboro, kisha barabara ya 62, sina la kuisemea. Chumba tulicholala ndicho kilichoniuma: dola 140, godoro limebonyea katikati, na maji ya bafuni hayakupata moto hadi tunaondoka.

Turudi kwenye meza ya kitambaa chekundu. Rafiki yangu tuliyesafiri naye, Mkongo wa Lubumbashi na fundi wa magari, alipitisha kidole ubavuni mwa mtutu akaniangalia. "Kaka, hapa pamepigwa tupa." Kweli, palikuwa na bonde jembamba, kana kwamba kulikuwa na maandishi yaliyofutwa. Nikaomba kuifungua. Remington haina shida: unashusha mkono wa kushindilia, unavuta pini, silinda inakuja mkononi. Muuzaji alisita, akasema vitu vya kale havichezewi. Nikamwambia kwa dola 1,400 nitaangalia hadi ndani.

Chini ya mtutu, mahali panapofichwa na ule mkono, tupa haikufika. Palikuwa na kisanduku kidogo chenye herufi AH, na pembeni yake PN yenye nyota juu. Hiyo PN ni mhuri wa silaha iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi, unaopigwa Gardone Val Trompia, mji ulio katika bonde la kaskazini mwa Italia ambako kiwanda cha Beretta kinatengeneza silaha tangu 1526. AH ni alama ya mwaka iliyojaribiwa: 1981. Askari gani wa vita vilivyokwisha 1865 aliibeba?

Nataka nieleweke. Nakala za silaha za kale zinazotengenezwa Italia ni silaha nzuri. Aldo Uberti alianza kuzitengeneza bondeni humo mwaka 1959, na wapiga shabaha wengi nilioonana nao wanatumia hizo hizo. Kilichonichefua ni mtu kuchukua kazi safi ya fundi wa Gardone, akaifuta jina, akaitia kutu kwa makusudi. Alipoona nimeona, aliteremka hadi dola 600 bila kupepesa macho. Tukaondoka.

Rivolva yangu niliikuta kwa bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya pikapu yake. Ameshindana miaka mingi, sasa viganja vinamuuma, anauza. Ilikuwa nakala ya kiwanda cha Pietta, ya muundo wa Remington, imeandikwa Italia waziwazi. Kabla ya kutaja bei aliniwekea silaha sikioni, akaivuta nyundo polepole, akanitaka nisikilize: silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho, vinginevyo risasi haitakutana sawasawa na tundu la mtutu. Akamulika ndani ya mtutu nione mifereji haijaliwa na kutu. Akanionyesha pale fataki zinapokaa, hapajapondwa. Rivolva ya Colt, mshindani wa Remington, hakuipenda, mgongo wake uko wazi juu ya silinda, na vipande vya fataki humwagikia kwenye mtambo.

Kisha akaniuliza babu yangu alisafishaje gobore lake. Nikamwambia: maji ya moto na sabuni, siku hiyo hiyo, kwa sababu masizi ya baruti hunyonya unyevu na asubuhi utakuta kutu. Akapiga goti lake kwa furaha. Yeye anafanya hivyo hivyo.

Dola 180. Sikuomba apunguze.

Hakuna karatasi niliyojaza. Sheria ya shirikisho ya 1968 inaziweka nakala za namna hii kundi moja na silaha za kale, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake. Nyumbani Tanzania gobore ni silaha kama silaha nyingine, lina leseni au ni kosa, na babu alipofariki baba mdogo alilisalimisha polisi. Sina ugomvi na sheria hiyo, majangili tunawajua. Lakini naumia kwamba hatukubakiwa na kitu. Mwaka 1890, huko Brussels, mataifa makubwa yaliafikiana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, yakaruhusu zile za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, na baruti ya kawaida. Sehemu ya sababu ya babu zetu kushindilia karne nzima iko pale. Wamarekani wamejenga kijiji cha kuyaenzi ya babu zao. Sisi kwetu lile la babu lilipokelewa kituoni na kupewa namba.

Tulipokuwa tunafunga mizigo rafiki yangu aliuliza baruti nitaitoa wapi. Swali zuri. Baruti nyeusi halisi huhesabiwa kilipuzi, kuihifadhi kuna masharti makali, na maduka mengi yameamua kuuza mbadala tu. Tukageuza gari, tukarudi kwenye mabanda ya wafanyabiashara kuuliza bei ya ratili moja.