Siku moja na sikio lisilo na mwenyewe

Jana nilikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hapa Kikwajuni, mjini Unguja, huo ndio wakati intaneti inakwenda vizuri na joto halijapanda. Nikasoma matokeo ya usiku, nikapanga hesabu nyingine, nikanywa chai kwa mkate wa ufuta. Ikafika saa tatu.

Mtaani najulikana kama "yule wa kompyuta". Kazi yangu ni hii: ndani ya sikio mna mifereji mitatu iliyopinda na vifuko viwili vinavyouarifu ubongo kichwa kimegeuka au kimeinama. Wapo watu ambao seli za humo zimekufa, wengine kwa sababu ya sindano za gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, na wakitembea dunia huwachezea machoni. Mwaka 2007, Geneva, mgonjwa wa kwanza alipandikizwa kifaa cha kupeleka umeme kwenye neva za mizani ya mwili. Mimi sipasui mtu. Nachukua picha za CT, zile za eksirei za tabaka kwa tabaka, najenga sikio ndani ya kompyuta, nalikata vipande vidogo mno vilivyoungana kama wavu, kila kimoja nakipa uwezo wake wa kupitisha umeme. Majimaji hupitisha sana, mfupa kidogo. Halafu naweka elektrodi, ncha ndogo ya kutolea umeme, na kutazama mkondo unakokwenda.

Asubuhi yote ilimezwa na ukuta mmoja. Neva ya uso hupita karibu kabisa na miwili kati ya mifereji ile, katikati pana mfupa mwembamba tu. Vipande vikiwa vikubwa kuliko unene wake, mfupa unatoboka na kompyuta inadai mgonjwa atakunja uso kabla hajahisi kichwa kimezunguka. Daktari hapelekewi jawabu kama hilo. Kwa hiyo unakaza vipande, yaani unavifanya vidogo zaidi, hapo tu, unakimbiza hesabu, ukuta umeziba huku, umefunguka kule. Unakaza tena. Macho yanauma, na ukipiga picha ya skrini hakuna atakayeona kilichobadilika.

Hapo ndipo hodi ilipopigwa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Simu yangu imejifunga, nimesahau namba za siri. Wewe si fundi?"

Nikamwambia mafundi simu wako Darajani. Akavuta kiti. Darajani watamla pesa, mimi ni mtoto wa nyumbani. Akaitazama skrini.

"Huyu konokono wa nini?"

"Ni sikio, ami."

"Na umeme unautia sikioni? Utaua watu!"

Nikamweleza, huku namba zinapita, kwamba neva za mizani hazilali. Kwa kima waliopimwa hutuma kama mipigo 90 kila sekunde hata kichwa kikiwa kimetulia. Ukigeuka upande mmoja huongezeka, upande wa pili hupungua. Kifaa kinaiga mpando na mshuko huo kwa mkondo mdogo sana. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama programu yangu haiwezi kufungua simu. Nilijaribu kucheka, nikashindwa. Alikaa mpaka adhana ya adhuhuri, na simu akaniachia.

Umeme ukakatika muda mfupi baadaye. Hesabu huwa zinajihifadhi njiani, kwa hiyo hazikupotea, ila feni ilizima, betri ikashuka, na mchana ukaishia kwenye jasho. Uliporudi jua lilikuwa limeshalala upande wa bahari, sikumbuki saa. Ukuta ulikuwa umesimama, mkondo ukabaki pale tunapoutaka. Nilifurahi peke yangu, maana wa kumwambia hakuwepo.

Baada ya isha nikazungumza na wenzangu wa Ulaya. Wakaridhika, wakaomba elektrodi isogezwe nusu milimita. Na kwa kuwa vipimo vilivyochapishwa vya uwezo wa mfupa kupitisha umeme havikubaliani, kila kitu kirudiwe kwa thamani ya chini, ya kati na ya juu. Wao walisema "nusu milimita" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mimi nilisikia wavu mpya kuanzia kwenye ukuta ule ule.