Mwana wa Pangani na kayaki ya watu

Nimevuka mto Pangani kwenda Bweni kwa mtumbwi tangu sijajua kusoma. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia Jumamosi tunakwenda kupiga kafi mto St. Croix, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Minneapolis, Marekani, nilichouliza ni chakula tu.

Diko lenyewe, pa kushushia vyombo majini, liko Taylors Falls, ndani ya hifadhi. Gari kuingia, tulilipa dola 7. Kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kafi, za kukodi zina bei yake, sitaki hata kuitaja. Kwetu mto hauna kiingilio.

Pale pana mteremko wa zege unaoingia majini. Nikaitua kayaki yangu katikati, nikaanza kuvua viatu, kufunga simu kwenye nailoni, kutafuta sambusa. Nyuma yetu gari lenye boti kwenye trela limesimama. Hakuna honi! Angepiga honi ningejua nimekosa. Mzee wa watu ametulia kwenye usukani kama yuko msibani.

"Mjomba," mpwa akaninong'oneza, "watu hupanga vitu pembeni. Hapa ni kushusha na kuondoka."

Nikaiburuta pembeni, aibu imenijaa, nikapanda kwa haraka kama ninavyopanda ngalawa. Lakini ngalawa ina mirengu miwili, yale mabao ya pembeni, ya kuishika. Kayaki ni ganda la ndizi. Maji hayakufika kiunoni, nami nimo chini yake. Ni maji rangi ya strungi, kwa sababu ya majani yanayooza kwenye vinamasi vya juu, na baridi yake ni ya kuuma meno. Jaketi la kujiokolea likanipanda mpaka masikioni.

Yule mzee akashuka garini, akaingia majini na viatu vyake, akaishika kayaki kwa nyuma. Akakipiga-piga kiti: matako kwanza, miguu baadaye. Sambusa zote zimelowa.

Baada ya hapo ni mto tu, maili kama 7 hadi mji wa Osceola; jimbo la Wisconsin kushoto, la Minnesota kulia. Tulipotoka, mpwa akanizuia kupakia: sheria inataka umwage maji yote na kuondoa kila jani, usihamishie viumbe wageni mto mwingine. Nikabandua magugu huku nikiwaza magugu maji yalivyolitesa Ziwa Victoria.

Usiku, kwao alfajiri, nikampigia dada. Kumbe mwanawe alishamtumia video.

"Kaka," akasema, hata salamu hajaitikia, "mirengu umeisahau Pangani?"