Ninavyoishi na baridi yabisi huku nikisuka nywele

Mimi ni msusi, nina kisaluni changu Manzese, Dar es Salaam, na kazi yangu yote iko kwenye ncha za vidole. Ukisuka twende kilioni unachota nywele chache, unazivuta, unazipishanisha, na unafanya hivyo kwa saa nyingi. Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza sikuhitaji kuambiwa na mtu. Asubuhi ngumi haifungi. Vifundo vya mikono yote miwili vimevimba, ukivigusa vina joto, na mpaka jua lipande ndipo vinaanza kulegea.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama alilaumu feni ninayolala nayo. Wateja walilaumu maji ya baridi ya kuoshea nywele, na wengine walinong'ona kwamba kuna mtu kanitupia kitu. Nilipata rufaa nikaenda hospitali ya Muhimbili. Damu ikapimwa kingamwili, mikono ikapigwa eksirei, nikaambiwa ni baridi yabisi ya ile aina ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Wanawake huipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Haina dawa ya kuimaliza kabisa, ila ina dawa za kuituliza, na ukiwahi kuzianza unaokoa viungo vyako.

Daktari aliniambia jambo ambalo nimelishika hadi leo. "Dada, maumivu ni kitu kimoja na uharibifu ni kitu kingine. Maumivu yanaweza kutulia kabisa, na huku nyuma mfupa unaendelea kuliwa."

Tangu hapo, kila ninacholetewa nakiuliza swali hilo: wewe unatuliza maumivu, au unazuia mfupa kuliwa?

Kwa upande wa kuzuia, natumia methotreksati. Inamezwa mara moja kwa wiki, na hapo narudia kwa herufi kubwa kama ningeweza: kwa wiki, si kwa siku. Ukiimeza kila siku inaharibu uboho unaotengeneza damu na inaweza kuua. Mimi nameza Jumapili usiku, kwa sababu Jumatatu saluni huwa tupu na nikipata kichefuchefu najilaza bila kumwangusha mteja. Siku nyingine nameza foliki asidi, inayopunguza vidonda vya mdomoni na madhara mengine. Damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu.

Nilipewa pia haidroksiklorokwini. Bibi yangu aliposikia jina alishtuka: "Mjukuu wangu, ile klorokwini ya kuwasha mwili?" Wanaokumbuka miaka ya kabla ya 2001, Tanzania ilipoacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, wanajua muwasho ule. Hii ni ndugu yake, na inatuliza kinga iliyochachamaa. Ukiitumia kwa miaka, macho lazima yakaguliwe.

Shida ya dawa hizi ni kwamba hazina haraka. Zinachukua wiki nyingi kabla hujaona tofauti, na katika wiki hizo ndipo majirani wanapokuja na mifuko. Nililetewa mlonge, habat soda, manjano, mafuta ya nyonyo, na chupa za dawa za "kuongeza kinga". Hizo chupa nilizirudisha kwa heshima zote. Mimi sina upungufu wa kinga. Kinga yangu ina hasira na inapiga nyumba yake yenyewe, sasa niiongeze ili iweje? Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona wagonjwa wenzangu wakiuziwa kinga kwa pesa ya ada za watoto.

Nilinunua daftari. Kila asubuhi naandika saa niliyoamka na saa ambayo ngumi imefunga vizuri. Na nikaweka sharti: najaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, dawa za hospitali zikiendelea vilevile, na daktari anajua. Ugonjwa huu una kawaida ya kupanda na kushuka wenyewe. Mtu hutafuta dawa siku zile ambazo hali ni mbaya zaidi, na hali ikishuka yenyewe, sifa zinakwenda kwa chochote alichokunywa juzi. Daftari linanisaidia kutodanganyika.

Lililonisaidia kuliko yote ni maji ya moto, na halikunigharimu ila mkaa. Beseni la maji yenye joto la kuvumilika, mikono ndani, nakunja na kukunjua vidole polepole, kisha nakamua kitambaa. Daftari linaonyesha wazi kwamba siku za beseni nafungua saluni mapema zaidi. Kiungo kikiwa kimevimba sana na kina moto, hapo nakiwekea barafu iliyofungwa kwenye khanga. Kukandwa na mafuta ya nazi nakupenda, wifi yangu ana mkono mzuri, lakini si juu ya kifundo kilichowaka.

La pili ni bahari. Jumapili alfajiri mimi na wifi tunakwenda Coco Beach maji yakiwa yamejaa na yametulia, tunatembea ndani yake hadi kifuani. Maji yanabeba uzito, magoti na vifundo vya miguu vinafanya kazi bila kulia. Mwanzoni niliogopa mazoezi nikidhani yatasaga viungo, kumbe misuli iliyolala ndiyo inayoviacha viungo bila msaada.

Chakula nakieleza kwa tahadhari. Samaki wenye mafuta wana omega 3, na katika majaribio mafuta hayo yamepunguza kidogo maumivu na ule ugumu wa asubuhi kwa wagonjwa kama mimi. Ila majaribio hayo yalitumia takriban gramu 3 za mafuta hayo kila siku kwa miezi, na kwa sahani ya samaki peke yake si rahisi kufika huko. Hata hivyo vibua vya soko la samaki la Feri ni bei ya mtu wa kawaida. Navichemsha kwa ndimu na nyanya, na nimeshasahau nyama choma ya kila wikendi.

Manjano naitia kwenye mchuzi kama mama alivyonifundisha. Vidonge vya manjano iliyokolezwa nilivikataa, kwa sababu vimewahi kuhusishwa na madhara ya ini, na ini langu tayari lina mzigo wa methotreksati. Mlonge naula kama mboga. Ni mboga nzuri.

Sasa niseme la hatari. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo mwenye ugonjwa huu huu, aliletewa unga kwenye kifuko kisicho na lebo, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Baada ya siku chache alipanda ngazi za daraja la Manzese bila kushika chuma. Alikuja saluni akilia kwa furaha. Lakini nilipokuwa namsuka niliona uso umekuwa duara, na akanieleza kwamba usingizi umepotea na sukari imepanda. Nikamsihi auchukue ule unga aende nao hospitali, na asiuache ghafla kwa uamuzi wake. Daktari wake akashuku steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Katika nchi nyingi dawa za "asili" za viungo zimepimwa na kukutwa zimechanganywa na steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni.

Muujiza wa namna hiyo una historia. Septemba 1948, kule Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench alimpa kotisoni, ambayo nayo ni steroidi, mwanamke ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza, na siku chache baadaye akatoka kwenda kufanya manunuzi madukani. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapata Tuzo ya Nobel. Kisha madhara yakajulikana: mifupa kuwa dhaifu, sukari, shinikizo la damu, na mwili kusahau kutengeneza homoni yake yenyewe, ndiyo maana kuacha ghafla ni hatari. Mimi pia nilipewa prednisoloni mwanzoni, kwa dozi ndogo, ikapunguzwa taratibu mpaka ikaisha. Tofauti ni kwamba nilijua ninachomeza na kiasi chake. Yule mama naye sasa anapunguziwa polepole, na tunakutana kliniki.

Dua sijaacha, na hakuna daktari aliyeniambia niache. Nikiomba nalala vizuri, na usiku nisiolala huonekana asubuhi kwenye daftari.

Leo nasuka rasta hadi jioni, nikipumzisha mikono kila baada ya muda, na kazi za mabutu madogo madogo namwachia msichana ninayemfundisha. Mwezi ujao nina kliniki na swali jipya. Mimi na mume wangu tunatamani mtoto wa pili, na methotreksati haitumiki na mwanamke anayetafuta ujauzito, kwa kuwa inadhuru mimba. Inabidi iachwe mapema, na kipindi hicho chote natumia uzazi wa mpango. Daktari alishagusia kwamba haidroksiklorokwini na dawa nyingine ya ugonjwa huu iitwayo sulfasalazini zinaweza kuendelea hata wakati wa ujauzito. Nimemwambia mume wangu tusubiri mpaka nibadilishiwe dawa, na kliniki hiyo atanisindikiza yeye mwenyewe, asikie kwa masikio yake.