Tutaona

Mwezi wa tano ukiingia, mwalimu wa aina yangu hapa Malindi hana kazi. Upepo wa kusi umeshika, mwani umejaa ufuoni na kunuka, hoteli nyingi zimefungwa mpaka mwezi wa saba, na wanafunzi wangu, yaani wahudumu, wapishi, madereva wa tuktuk na watu wa maboti, wengine wamerudi kwao Magarini na Ganze kulima. Kwa hivyo ujumbe ulipoingia kwenye simu kwamba kuna warsha ya siku mbili kwa wanaofundisha Kiingereza cha kazini na jinsi ya kufanya kazi na watu wa mila nyingine, sikuuliza maswali. Nilikuwa nakula mahamri na mbaazi. Nikajibu kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto: nakuja.

Ukweli ni kwamba nilifuata cheti. Meneja wa hoteli siku hizi hakupi wafanyakazi wake uwafundishe bila kuona karatasi, na karatasi yangu ni ya ualimu wa sekondari, Kiingereza na historia. Miaka 11 nimefundisha kwa kitabu kimoja kilichopigwa fotokopi hadi picha zake zimekuwa madoa.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja ya upande wa Casuarina iliyofungwa kwa msimu, viti vimefunikwa mashuka, feni moja ikizunguka na tatu zikiangalia. Mkufunzi alikuwa mama wa Kizungu aliyekaa Kenya miaka mingi. Akatuomba tumwite kwa jina lake la kwanza. Hakuna aliyethubutu. Mpaka siku ya pili jioni alikuwa bado ni "madam", na nadhani alishaelewa kwamba somo la mila lilianza hapo, kabla hajawasha projekta.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya nadharia. Tulielezwa habari za Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1976 aliandika kwamba kuna watu ambao maneno yao hubeba nusu tu ya habari. Nusu nyingine unaikuta usoni, kwenye kimya, na kwa nani anaongea na nani. Kisha kuna watu ambao kisichotamkwa hakipo. Hili nililiandika kwenye daftari bila kulifikiria sana. Tukaenda kwa Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM ya kati ya mwaka 1967 na 1973, akazipa nchi alama. Tukajitafuta kwenye jedwali. Kenya haipo peke yake: imo ndani ya "Afrika Mashariki", pamoja na Tanzania, Ethiopia na Zambia, nchi nne kapu moja. Kwenye kumwogopa mkubwa wa kazi tumepewa 64. Mwalimu mwenzetu aliyetoka Lamu, amepanda basi Mokowe alfajiri, akanyanyua mkono: "Madam, mimi na watu wa Malindi tu hatuelewani namna ya kupika biriani. Huyu Mzambia tumehesabiwaje naye nyumba moja?" Mama wa watu akacheka mpaka akavua miwani. Akasema jedwali ni la kuanzia mazungumzo, si la kumjulia mgeni tabia kabla hajashuka kwenye gari.

Kuna mengine niyapite haraka. Saa nzima ya barua pepe ilikuwa hasara kwangu, maana wanafunzi wangu hawaandiki barua pepe. Wanapokea sauti za WhatsApp kutoka kwa mtu yuko Milano, upepo unavuma, anauliza bei ya boti kwa Kiingereza cha kuokoteza. Nilisema, ikaandikwa ubaoni kwa warsha ijayo. Tukaambiwa pia habari za BESIG, kundi la walimu wa Kiingereza cha biashara ndani ya IATEFL, jumuiya ya kimataifa ya walimu wa Kiingereza, lenye mkutano wake wa kila mwaka, mara nyingi Ulaya. Nauli ya huko ni bei ya injini ya boti.

Kilichonifaa ni kazi ya mchana. Tulitumwa nje: kila mtu akakae saa moja na mtu aliyewahi kumfundisha, asimfundishe kitu, amuulize tu ni wapi hasa Kiingereza kinamkamata. Wenyewe wanaita uchambuzi wa mahitaji, na inatakiwa uufanye kabla ya somo la kwanza. Mimi nilikuwa nachelewa miaka 11.

Nikamwendea nahodha mmoja niliyemfundisha miaka miwili nyuma. Nilimkuta ufuoni, boti yake imelazwa ubavu juu ya magogo, anapiga kalafati. Ana donge la pamba iliyolowa mafuta, anaisokota kwa vidole mpaka iwe kamba nyembamba, anaitia kwenye mwanya wa mbao mbili, anaishindilia kwa patasi butu, tak, tak, halafu anapitisha kidole gumba kuona kama imekaa. Nikamwamkia. "Shikamoo ami, pole na kazi."

"Marahaba. Nishapoa. Kaa kivulini, mwalimu."

Nilipomuuliza Kiingereza kinamkamata wapi, hakujibu mara moja. Alimaliza mwanya mzima. Kisha akanipa habari ya mwezi wa nane uliopita.

Jioni moja walimjia Waholanzi wanne na mtoto, wanataka kesho yake wapelekwe hifadhi ya bahari kuangalia samaki. Kusi lilikuwa linavuma siku ya tatu, mawimbi yanavunjika meupe mpaka kwenye mwamba. Nahodha akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akawaambia: "We will see." Tutaona. Akaenda kwake Shela, akala, akalala.

Saa kumi na mbili asubuhi wageni wako ufuoni. Wamebeba taulo, wamebeba tikiti maji, mtoto kashavaa miwani ya kupigia mbizi kwenye paji la uso. Boti imefungwa, nahodha hayupo. Alipoamshwa na kufika wakagombana mbele ya watu, wakamwita mwongo, wakashtaki hotelini, na hoteli ikawapa watu wengine kazi yake kwa msimu mzima.

"Mwalimu, mimi niliwakatalia," aliniambia. "Niliwakatalia vizuri kabisa."

Na mimi nilielewa mia kwa mia. Ningekuwa ni mimi nimeambiwa tutaona kwa tabasamu lile na upepo ule, ningekwenda kulala. Nikamuuliza, na inshallah je? Akaniangalia kama mtoto. "Nikisema inshallah nimekubali, ila bahari si ya baba yangu. Nikisema tutaona, nenda zako." Akaongeza kwamba kwa Waitaliano, ambao anasema nao Kitaliano alichokiokota ufuoni tangu utotoni, hajawahi kupata shida hiyo. Wao wana "vediamo" yao, ni tutaona hiyo hiyo, na akiitoa kwa sura ya huruma wanaelewa wanakwenda kunywa kahawa.

Hapo ndipo alipofungua mfuko wa nailoni anaotilia leseni ya boti, akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Mtihani wangu. Swali la saba: mgeni anataka kwenda baharini kesho na bahari imechafuka, mjibu. Yeye alikuwa ameandika: "No. Sea is bad." Pembeni, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wangu mwenyewe, nimekata alama mbili, nikaandika kwamba hiyo si adabu, na chini nikampa jibu zuri la kuiga. Jibu lenyewe mshalijua.

Sikuwa na la kusema. Nilimshikia donge la pamba akaendelea na kazi.

Siku ya pili niliisimulia warsha. Mama anayefundisha wafanyakazi wa benki akasema kwao iko, inaitwa "tutakupigia", na mteja mgeni hukaa na simu wiki mbili. Tukagawana nafasi, mmoja mgeni, mmoja nahodha, tukaigiza mpaka tukapata maneno matatu mafupi: hapana, si kesho; upepo ni mkali; njooni Alhamisi saa moja. Kwa Kiingereza ni rahisi kuliko yote niliyofundisha. Tukabishana vikali kama "sorry" itangulie au ifuate. Mkufunzi hakuamua. Alisema aulizwe mwenye boti.

Nikarudi ufuoni na sentensi yangu kwenye karatasi. Nahodha akaisoma kwa sauti mara mbili, akatikisa kichwa. "Hapana yenyewe nimeipata. Lakini siwezi kumtupia mtu kwa kusimama." Akaipanga upya: kwanza habari ya jioni, kisha mtoto anaitwa nani, kisha awaonyeshe kwa mkono pale mawimbi yanapovunjika, ndipo aseme "no", halafu Alhamisi. Nikasema ni ndefu. Akasema kuwatoa watu majini ni kurefu zaidi. Tuliirudia mpaka adhana ya magharibi, na ile "no" aliitoa kavu, macho yako kwangu, tabasamu kaliweka pembeni. Ilimtoka kwa taabu, kama mtu anayevua viatu msikiti asioujua.

Cheti changu kilifika juzi, jina langu limekosewa herufi moja. Nimekipeleka kitiwe plastiki hivyo hivyo.

Za nahodha nimezirudisha zile alama mbili, nikatia sahihi pembeni kwa wino wa buluu. Alikuwa na 11 kwa 20, sasa ana 13, na anataka cheti chake nacho kiandikwe upya kabla hoteli hazijafunguliwa.